ULIMBWENDE: Visigino vimepasuka? Weka wembe chini kwanza

UMEALIKWA kwa kina rafiki yako kula pilau ya Jumapili. Umevaa poa, nywele zimekaa, manukato yanasikika hadi kwa jirani. Unafika mlangoni unapata viatu vimepangwa safu, na mama mwenye nyumba anakwambia kwa upole, "Karibu mwanangu, toa viatu uache hapo tu." Moyo unaruka. Leo hukuvaa soksi, na visigino vyako wewe mwenyewe unavijua.

Basi unaingia ukikanyaga kama mtu aliye kwenye miiba. Unakaa upesi, unaificha miguu chini ya kiti, na kila mtoto anapopita karibu unaivuta zaidi. Pilau inaletwa, lakini hata utamu wake huupati vizuri.

Kama hadithi hii ni yako, tulia. Uko na wenzako wengi, wasichana kwa wavulana. Nyufa hizo za visigino huitwa magaga, na huwapata watu wa kila aina: komredi anayetembea kutoka hosteli hadi darasani na patipati, kijana wa bodaboda anayepigwa na upepo na vumbi kutwa nzima, mhudumu wa hoteli anayesimama saa kumi kwa siku, na mkulima anayekanyaga udongo tangu alfajiri. Wengi huyachukulia kuwa tatizo la urembo tu. Huanza hivyo kweli: ngozi inakuwa kavu na nyeupe kama iliyopakwa unga, usiku inanasa kwenye blanketi, soksi za nailoni zinachanika. Lakini gaga likiachwa linaingia ndani, linauma ukikanyaga, linatoa damu, na mwishowe linakuwa mlango wazi wa viini.

Mimi nilijua uzito wa jambo hili kwa njia mbaya, na ndiyo sababu naandika makala haya.

Kisigino cha shangazi

Shangazi yangu aliishi Kinangop, kule ambako asubuhi za Julai zinakuuma hadi mifupa. Alilima viazi maisha yake yote, mara nyingi bila viatu, kwa sababu alisema gambuti zinamchosha. Visigino vyake vilikuwa vigumu kama gome la mti. Sisi watoto tulikuwa tukivichekea, na yeye alikuwa akicheka nasi.

Mwaka mmoja kulikuwa na ruracio ya binamu yangu. Jioni ya kuamkia sherehe, shangazi alikaa nje ya jikoni na wembe mpya, akaanza kupunguza ile ngozi ngumu ili viatu vyake vipya vimkae vizuri. Alikuwa amefanya hivyo miaka na mikaka. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa ameishi nao kwa muda mrefu. Alikata kupita kiasi na hakuhisi chochote. Alikuja kuona damu kwenye sandali ndipo akajua amejikata.

Alifunga kitambaa, akaenda kwenye sherehe, akacheza na wenzake. Kidonda hakikupona. Baada ya wiki kadhaa mguu ulikuwa umevimba na kuanza kutoa harufu, na alipofikishwa hospitalini maambukizi yalikuwa yamefika mbali. Alikatwa mguu chini ya goti.

Sikwambii haya ili uogope kila mstari ulio kwenye kisigino chako. Ukiwa kijana mwenye afya, magaga yako yatapona nyumbani kwa vitu vya bei ndogo, na nitakueleza jinsi. Lakini katika nyumba yenu huenda yupo shosho, guka, mama au mjomba mwenye kisukari, naye pia ana magaga. Soma hadi mwisho kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Kwani kisigino hupasuka kwa nini?

Fikiria chapati. Ikiwa moto na laini, unaikunja utakavyo na haivunjiki. Iache mezani usiku kucha bila kufunika, asubuhi ukiikunja inapasuka palepale. Ngozi ya kisigino iko hivyo hivyo. Ikiwa na unyevu hujikunja na kutanuka bila shida. Ikikauka hukosa kunyumbulika, na kila hatua unayopiga ni kama kuikunja ile chapati iliyolala.

Kuna mambo mawili yanayofanya kisigino kiumie kuliko sehemu nyingine. La kwanza, nyayo hazina tezi za mafuta. Uso wako, kifua na kichwa hujipaka mafuta vyenyewe, ndiyo maana uso wa wengine hung'aa mchana hata bila kupaka kitu. Unyayo una tezi nyingi za jasho, lakini mafuta ya kuuzuia unyevu usitoroke hauna. La pili, kisigino hubeba uzito. Unaposimama, mto wa mafuta ulio chini ya ngozi ya kisigino hubonyea na kutanuka pembeni, na ngozi inalazimika kutanuka nao. Ikiwa laini inafuata. Ikiwa ngumu inachanika, kwa kawaida kwenye ukingo wa kisigino.

Mwili nao hujaribu kujilinda. Mahali panaposuguliwa kila siku, ngozi huwa nene. Unene huo unafaa kiasi, lakini ukizidi unakuwa ganda gumu, na ganda gumu ndilo hupasuka zaidi. Kwa hivyo tiba yoyote ya maana lazima ifanye kazi mbili: kupunguza ganda polepole na kurudisha unyevu. Ukifanya moja ukaacha nyingine, utarudi palepale baada ya wiki.

Mambo yanayochochea magaga ni haya:

Viatu vilivyo wazi nyuma. Patipati, sandali na akala zinaacha kisigino kitanuke bila cha kukishikilia, na vumbi na upepo vinakikausha.

Kutembea pekupeku, hasa kwenye saruji, udongo mkavu na mawe.

Kusimama muda mrefu na uzito mkubwa wa mwili. Mama mjamzito pia huweza kuona visigino vikibadilika kwa sababu ya uzito unaoongezeka.

Maji ya moto sana na sabuni kali. Yale maji ya kuoga yanayotoa mvuke kama chai yanatuliza roho, lakini yanaondoa mafuta kidogo ambayo ngozi ilikuwa nayo. Wanaofua nguo wakiwa wamesimama kwenye maji ya sabuni ya unga wanajua miguu inavyobaki baadaye.

Hali ya hewa. Baridi ya Juni hadi Agosti kwa watu wa Limuru, Nyandarua na Nairobi, na jua kali la Januari na Februari karibu nchi nzima. Misimu yote miwili hukausha ngozi.

Umri na magonjwa. Ngozi hukauka kadiri mtu anavyozeeka. Kisukari, na pia tezi ya shingo inapofanya kazi polepole kuliko inavyopaswa, huleta ukavu ambao mafuta pekee hayauondoi.

Kwanza jua unatibu nini

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Si kila mguu mkavu ni magaga ya kawaida.

Kuna fangasi ya nyayo. Wengi wanaijua ile ya katikati ya vidole, inayowasha na kubambua ngozi nyeupe. Lakini ipo nyingine inayotanda unyayo mzima hadi pembeni, na haiwashi sana. Ngozi inakuwa kavu, yenye unga mweupe kwenye mistari ya unyayo, na mara nyingi mguu mmoja huathirika kuliko mwingine. Kucha nazo zinaweza kuwa nene na za manjano. Mtu anajipaka mafuta mwaka mzima bila kuona tofauti, kwa sababu anachohitaji ni dawa ya fangasi. Krimu za klotrimazoli au terbinafini zinapatikana kwenye duka la dawa. Muulize mwenye duka namna ya kutumia, na usiache siku ya tatu ukiona nafuu. Maliza muda wote ulioelekezwa. Kama kucha zimeathirika, krimu peke yake kwa kawaida haitoshi, kwa hivyo mwone daktari.

Kuna ukurutu na soriasisi. Haya huwasha, huwa na mabaka mekundu au meusi, na mara nyingi utayaona mahali pengine pia: viwiko, magoti, viganja au kichwani. Hayaambukizi, lakini yanahitaji dawa ya daktari wa ngozi.

Kuna funza. Kama unaona kidoti cheusi katikati ya uvimbe mdogo mweupe, hasa kando ya kucha au kwenye kisigino, na panawasha na kuuma, hilo si gaga. Funza huingia kwa watu wanaotembea au kulala kwenye sakafu ya udongo mkavu wenye vumbi. Usimtoe kwa pini iliyotumiwa na mtu mwingine, kwani pini hiyo inaweza kubeba maambukizi ya damu na viini vya pepopunda. Nenda zahanati. Nyumbani, nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia na valia watoto viatu. Tena usimcheke mwenye funza. Aibu ndiyo huwafanya watoto wengi wakose shule na kujificha na ugonjwa unaotibika.

Kazi ya usiku: dakika ishirini

Kama umejikagua na kuona ni magaga ya kawaida, na huna kisukari wala ganzi miguuni, hii hapa njia. Mimi mwenyewe niliifuata, na vifaa vyote vilinigharimu karibu Sh300 pamoja na soksi za mtumba.

Unachohitaji:

- Beseni na maji vuguvugu

- Sabuni isiyo kali

- Jiwe la kusugulia miguu

- Taulo

- Mafuta mazito ya kujipaka

- Soksi za pamba

Jiwe linalofaa ni lile jepesi la volkano lenye vitundu vidogo, ambalo ukilitupa majini linaelea. Wachuuzi huliuza sokoni, na ukiishi upande wa Longonot huenda umelikanyaga bila kujua thamani yake. Kokoto ya ujenzi na kipande cha matofali si mbadala.

Jinsi ya kufanya:

1. Loweka miguu kwa dakika 10 hadi 15. Maji yawe vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto. Usikae saa nzima ukitazama filamu, kwa sababu ngozi ikilowa kupita kiasi hukauka zaidi baadaye. Usiongeze chumvi nyingi wala sabuni ya unga.

2. Lowesha jiwe, kisha sugua ganda taratibu kwa dakika mbili au tatu kila kisigino. Usitumie nguvu. Lengo ni kutoa safu nyembamba leo na nyingine keshokutwa. Ukiona wekundu au ukihisi maumivu, umeshapita mpaka, acha hapo. Mahali palipo na ufa unaotoa damu usipaguse kabisa kwa jiwe hadi paponye. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

3. Suuza, kisha kausha kwa kubonyezabonyeza taulo. Katikati ya vidole pakauke kabisa, kwa maana fangasi hupenda unyevu wa mahali hapo.

4. Paka mafuta mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu kwa mbali. Hii ndiyo siri ambayo wengi hawaijui. Mafuta mazito hayaleti maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka kwenye ngozi iliyokauka kitambo, unafunga sufuria isiyo na kitu. Paka visigino na unyayo wote, lakini si katikati ya vidole.

5. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Zitashikilia mafuta mahali pake na kuokoa shuka zako.

6. Asubuhi, paka tena kidogo kabla ya kuvaa viatu. Siku ambazo husugui, bado osha, kausha na upake. Mafuta ni ya kila siku.

Mafuta gani? Usihangaike na chupa za bei ya juu. Vaseline ya kawaida inafanya kazi. Arimis, ile ya kukamulia ng'ombe ambayo nyumba nyingi za Kenya wanaijua, ni ya aina hiyo hiyo, na watu wengi wameitumia miguuni miaka mingi. Mafuta ya nazi na siagi ya shea husaidia pia, ingawa ni mepesi kuliko jeli. Glisirini nayo ni nzuri kwa sababu huvuta maji na kuyashikilia, lakini ipake kwenye ngozi yenye unyevu au uichanganye na maji kidogo, kisha ufunike na jeli juu.

Ganda likiwa nene sana, uliza dukani krimu ya miguu yenye yurea. Soma lebo: kiasi cha asilimia 10 hadi 25 hulainisha ganda na pia hushika unyevu. Zipo pia zenye asidi ya salisiliki, ambayo huyeyusha ganda. Hizi usizipake kwenye ufa ulio wazi maana zitachoma, na mwenye kisukari asizitumie bila kuongea na daktari.

Je, nyufa zikiwa na kina? Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, paka jeli, kisha funika na plasta au bandeji safi ili uchafu usiingie na ufa usizidi kufunguka ukitembea. Badilisha kila siku.

Na sasa subira. Hakuna tiba ya usiku mmoja. Ulaini utauhisi katika siku chache, lakini ngozi ya unyayo huhitaji wiki kadhaa kujijenga upya. Jipe wiki nne bila kuruka. Piga picha ya visigino leo, kisha nyingine baada ya mwezi. Hutaamini.

Makosa ambayo tunayafanya sana

Wembe. Nimeshasema ya shangazi, lakini hata wewe kijana usiguse. Ngozi ikilainika majini huwezi kujua ganda linaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Mkato mdogo wa wembe wenye kutu au ulioshirikiwa unaweza kuleta pepopunda na maambukizi mengine.  Saluni pia, ukienda kutengenezwa miguu, sema waziwazi kwamba hutaki wembe, na uulize kama vifaa vimesafishwa. Ni mguu wako, usiogope kuuliza.

Gundi. Kuna wanaobandika ufa kwa ile gundi kali ya kubandikia viatu na plastiki. Unafunga viini ndani, na ngozi inayozunguka inaweza kuungua. Gundi ya hospitali ni kitu kingine kabisa, na hutumiwa na aliyesomea.

Ndimu, siki na magadi. Vinavuma sana mitandaoni. Kwenye ngozi iliyopasuka vinachoma, na maji ya ndimu yakikutana na jua huweza kuacha madoa meusi na hata malengelenge. Kama jikoni kwenu kuna ndimu, weka kwenye mchuzi.

Krimu za kung'arisha. Wengine wanaona kisigino kimekuwa cheusi, wanakimbilia krimu ya kubadili rangi. Bidhaa zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini, na kuna sababu: zinaharibu ngozi, na zebaki huathiri figo. Weusi wa kisigino mara nyingi ni ganda na uchafu ulionasa ndani yake. Ganda likipungua, rangi yako ya kawaida inarudi yenyewe.

Kubandua kwa vidole. Tunajua ni tamu, hasa ukiwa kwenye simu. Lakini kile kipande unachokivuta huenda na ngozi hai, na hapo ndipo damu huanza.

Kushirikiana jiwe. Bwenini utapata jiwe moja linazunguka vitanda kumi. Fangasi nayo inazunguka. Kila mtu awe na lake, alioshe na kulianika juani.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Visigino vikishapona, usirudi kwa maisha yale yale ukitarajia mambo mapya. Vaa viatu vilivyofungwa nyuma siku nyingi za wiki, hasa kama kazi yako ni ya kusimama au kutembea. Sandali si haramu, lakini zisiwe za kila siku, na ukivaa, paka mafuta kwanza. Chagua zenye soli nene, kwa kuwa soli iliyolika kama karatasi haikingi chochote.

Badilisha soksi kila siku. Soksi za pamba zinafyonza jasho kuliko za nailoni. Viatu vya shule au vya kazi vianike, ikiwezekana uwe na jozi mbili za kupokezana.

Punguza moto wa maji ya kuoga na muda wa kukaa ndani yake. Kama unafua au unaosha magari, vaa gambuti.

Kunywa maji na kula vizuri, ni sawa, mwili wote unahitaji. Lakini usidanganywe kwamba glasi nane za maji zitafunga ufa. Kisigino hutibiwa kuanzia nje: mafuta, jiwe, soksi, viatu.

Na ukishaona msimu wa baridi unabisha hodi, anza kupaka usiku kabla nyufa hazijaanza.

Lini uende hospitali

Usingoje ukiona dalili hizi: ufa unaotoa usaha au harufu, wekundu, joto au uvimbe unaosambaa, maumivu yanayokufanya uchechemee, homa, au magaga ambayo hayajabadilika baada ya wiki nne za utunzaji mzuri. Kama pamoja na ukavu unahisi uchovu usioisha, kiu kubwa na kukojoa mara kwa mara, omba upimwe sukari. Ni tone moja la damu kidoleni.

Kwa mwenye kisukari sheria zinabadilika. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva za miguu, na mtu hukosa kuhisi maumivu, joto wala kiatu kinachombana. Mishipa ya damu nayo huathirika, kwa hivyo kidonda hupona polepole na viini hupata nafasi. Ndiyo maana ufa ambao kwako ni kero, kwake unaweza kuwa mwanzo wa kupoteza mguu.

Basi kwake hakuna kuloweka miguu muda mrefu, hakuna wembe, hakuna jiwe bila ushauri wa mhudumu wa afya, na hakuna kukaa karibu na jiko kupasha nyayo moto. Aoshe kwa maji vuguvugu, tena mtu mwenye hisia nzuri ayajaribu kwanza kwa kiwiko. Akaushe, apake mafuta kila siku ila si katikati ya vidole, asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, na akung'ute viatu kabla ya kuvaa, maana kijiwe kinaweza kukaa humo kutwa asikihisi. Miguu yake ikaguliwe kila siku, na kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama, kionwe na daktari.

Hapa ndipo wewe kijana unahitajika. Shosho hawezi kuinama kuona unyayo wake, na macho yake huenda yamepungua nguvu. Wewe una macho na una simu yenye kamera. Ukienda nyumbani wikendi, mwombe akuonyeshe miguu. Washa tochi ya simu, angalia visigino, chini ya vidole na kati ya vidole. Piga picha, ukirudi tena ulinganishe. Ukiona kitu kipya, msiseme tutaona wiki ijayo. Kwetu tulisema hivyo, na wiki hiyo ijayo ndiyo iliyotugharimu.

Shangazi bado yupo, na bado anacheka. Siku hizi mguu wake uliobaki unapakwa mafuta kila jioni na mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye huukagua akiwa makini kuliko mwalimu anayesahihisha mtihani. Kisigino ni laini kama cha mtoto.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kushika simu, weka maji kwenye beseni. Anza na miguu yako. Na hiyo Jumapili nyingine ya pilau ikifika, mama mwenye nyumba akisema toa viatu, utavitoa bila hata kufikiri, uingie, ukae katikati ya kochi na unyooshe miguu yako.